Yusta Aliyemwachia Mumewe Nafasi

Watu wa Kilolo ukiwauliza habari za Yusta Kalinga, wataanza na gobore. Watakwambia jinsi alivyokuwa akimwangusha nguruwe pori kwa risasi moja, kisha akarudi kupalilia njegere zake kama aliyetoka kuchota maji. Wanaruka mwanzo. Mwanzo ni bunduki ya mbao, kipande cha paina kilichochongwa na baba yake, chenye kitako na mtutu lakini kisicho na hata tundu la kupitisha upepo. Na hao wanaoruka mwanzo ndio haohao waliokuwa wakimcheka.

Baba yake, Mzee Kalinga, alikuwa mkufunzi wa mgambo. Miaka nenda miaka rudi aliwafundisha vijana kusimama, kutembea, kubeba silaha na kulenga shabaha, na katika mafunzo hayo kijana hukaa na bunduki ya mbao majuma mengi kabla hajashikishwa ya kweli. Kwa wengine ile mbao ni adha ya kuvumilia tu mpaka siku ya risasi ifike. Kwa Kalinga mbao ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mpole nyumbani, uwanjani mkali kama pilipili. Alimtaka mwanafunzi aegemeze mbao shavuni, afumbue macho yote mawili, halafu aseme kwa sauti anachokiona: mbele kuna nini, nyuma yake kuna nini, kulia yuko nani, kushoto yuko nani. Ukisema unaiona shabaha peke yake, unarudi mwisho wa mstari.

Yusta alipomaliza kidato cha nne na kujiunga na mgambo, alirudishwa mwisho wa mstari kuliko mtu yeyote. Baba hakutaka kusikia mtu akisema anambeba binti yake. Wenzake walimcheka nyuma ya mgongo wake, yeye akitembea na mbao yake begani, machozi yanamlengalenga na mdomo ameufunga. Siku ya shabaha ilipofika, alizipanga risasi zake pamoja katikati ya duara, watu wakapiga makofi. Kalinga alikwenda akaitazama ile shabaha, akarudi. Akamwambia binti yake kwamba ameona vizuri. Hakusema amepiga vizuri. Yusta aliielewa ile tofauti, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu mafunzo yaanze, alikula akashiba.

Sasa, habari ya nguruwe. Kule Kilolo mahindi yakianza kukomaa, nguruwe pori hushuka kutoka msituni wakafanya shamba la mtu kuwa kama uwanja wa mpira. Hapo kijiji huomba kibali wilayani na kupanga msako wa mchana. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, hujipanga mstari kule bondeni, kila mmoja na debe lake, wakapanda mlima polepole wakipiga madebe. Nguruwe hukimbilia juu. Na huko juu, ukingoni mwa shamba, wamesimama wenye bunduki, watu wachache tu, kila mmoja kwenye nafasi yake. Sheria ilikuwa moja, na ilikuwa ya Kalinga: nguruwe hapigwi akija. Unamwacha akupite, aingie kwenye mteremko wa nyuma ambako hakuna mtu, ndipo unageuka na kumpiga. Inataka moyo mgumu, jamani. Mnyama anakujia kifuani na wewe umesimama tu kama nguzo ya umeme.

Gobore la Kalinga lilikuwa la baba yake. Mtutu wake ulikuwa umefungwa waya pale ulipotaka kupasuka, na ukishapiga moja umemaliza mpaka ushindilie tena. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, alimpa Yusta gobore pamoja na nafasi yake ya juu, yeye mwenyewe akawa anatembea na wapiga madebe. Wazee wengine walinuna kwanza. Mwanamke kwenye bunduki? Misako miwili baadaye walinyamaza, maana walikuwa wanakula nyama.

Hapo ndipo Rabson anapoingia. Rabson alikuwa Mnyakyusa wa Ilomba, Mbeya, muuza vipuri vya pikipiki. Alifika Kilolo na lori la viazi la binamu yake, akaonja ulanzi, ile pombe ya mianzi, akacheka na kila mtu, na lori lilipoondoka yeye akabaki. Alikuwa mtu wa kupendwa, hakuna ubishi. Alimwoa Yusta parokiani kwa wimbo na vigelegele, akamchukua wakaishi Ilomba, na kila msimu wa shamba walirudi Kilolo kuwasaidia wazee. Mama yake Yusta, Veneranda, alimpenda mkwe huyu mpaka majirani wakamwonea wivu.

Rabson hakumjua baba yake mzazi. Alilelewa na mama peke yake, na neno "baba" alikuwa hajawahi kumwita mtu akaitika. Kalinga aliitika. Basi kijana akawa kama kiu iliyopata maji. Akikaa barazani, macho yake yako kwa mzee, na mzee akimsifu Yusta kwa jinsi anavyosimama na bunduki, Rabson anatabasamu na kuangalia chini. Yeye kwenye msako alikuwa mpiga debe. Na kilabuni watu wana midomo: mkeo ana bunduki, wewe una debe, sasa nyumbani nani anakoroga uji? Rabson alicheka nao, akawaagizia ulanzi. Lakini Yusta alimjua mumewe. Aliona kwamba akitoka kilabuni kicheko chake kinaishia mlangoni.

Mwaka mmoja Rabson alikuja na bunduki. Ilikuwa ya kweli, na kibali chake halali, ndani ya mkoba mweusi uliowekwa sponji kama kitanda cha mtoto mchanga. Na juu yake ilikuwa na darubini. Jamani, darubini! Ukiweka jicho pale, kunguru aliye ng'ambo ya bonde unamwona anavyopepesa. Kijiji kizima kilipita uani kwa Kalinga kuchungulia. Wazee walipanga foleni kama watoto. Hata padre, alipokuja kuwajulia hali, aliomba achungulie kidogo.

Kalinga aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaipima uzito, akaisifu kwa dhati kabisa, maana aliijua silaha nzuri alipoiona. Halafu akaingia ndani na kurudi na ile mbao ya paina.

"Bunduki yako ni nzuri sana, mwanangu. Sasa tuanze na hii."

Rabson alidhani ni utani. Haukuwa utani. Kesho yake asubuhi mtu mzima wa watu, mwenye duka lake Ilomba, alisimama uani na kipande cha mbao shavuni, akiulizwa nyuma ya yule mbuzi kuna nini. Watoto walijaa kwenye uzio. Rabson alijitahidi, tumpe haki yake. Alijitahidi asubuhi kadhaa. Lakini kila aliposema anaona mbuzi, mzee alimwambia aanze tena, na kila alipoanza tena, ile bunduki yenye darubini ilikuwa imelala ndani kwenye sponji yake, inamwita. Siku moja akaenda nayo makorongoni peke yake, akaweka makopo juu ya jiwe mbali kabisa, akayaangusha yote. Akarudi na makopo yenye matundu akayapanga barazani mbele ya mzee. Tangu siku hiyo hakuishika mbao tena.

Mzee aliyatazama makopo, akasema yamepigwa vizuri. Yusta alikuwa pale, akasikia neno alilolichagua baba yake.

Msako ulipokaribia, Rabson aliomba nafasi ya juu. Kalinga alikataa. Alikataa kwa upole, bila kumwaibisha mbele za watu, akamwambia asubiri msimu ujao. Rabson hakubisha. Aliingia chumbani akalala mchana kweupe, ameelekea ukuta, na Yusta alipomletea chakula hakugeuka. Mtu mzima, mcheshi wa kijiji, amelala vile. Yusta aliwekwa katikati, baba huku, mume kule, na moyo wake ulikuwa unauma pande zote mbili.

Akaenda kwa baba yake. Alimkuta anachambua mbegu za viazi, akachuchumaa, akamwambia kwamba mwaka huu yeye hatasimama juu, atapiga debe, na nafasi yake anamwachia mumewe. Mzee aliendelea kuchambua.

"Bunduki yake inajua kazi," alisema. "Yeye bado."

Yusta alimsihi. Alisema yote: kwamba Rabson hana baba mwingine, kwamba anachekwa, kwamba akikataliwa tena hatarudi Kilolo, na asiporudi, yeye Yusta naye atarudije? Alilia. Kalinga hakuwahi kuyaweza machozi ya binti huyu tangu akiwa mdogo, pale uwanjani ndipo alipokuwa mkali tu. Aliweka chini mbegu aliyoishika. Kisha akasema sawa, ila yeye mwenyewe atatembea kwenye mstari wa madebe upande ule wa Rabson, ili auzuie usiende haraka na nguruwe wasimjie kwa fujo. Yusta akamshika magoti, akamshukuru. Alimshukuru! Mpaka leo mikono yake inayakumbuka yale magoti.

Asubuhi ya msako ukungu ulichelewa kuondoka. Kalinga mwenyewe aliwapanga wenye bunduki. Alimsimamisha Rabson kwenye nafasi, akamgeuza kwa mabega, akamwonyesha mteremko wa nyuma, akamwambia ampige akishapita. Rabson aliitikia. "Nimekusikia, baba." Alikuwa amevaa koti jipya na uso unang'aa. Alimtazama mkewe, akamkonyeza, na Yusta, debe mkononi, alicheka. Ilikuwa furaha kweli. Mtu asije akasema hakukuwa na dalili ya furaha siku ile.

Mstari ukaanza kupanda, madebe yakalia bonde zima. Yusta alikuwa katikati, baba yake mkono wa kulia, mbali kidogo, anatembea kwa kuinama akipapasa njia kwa fimbo na kugonga debe lililoning'inia kiunoni. Nguruwe dume alikurupuka kwenye magugu akapanda moja kwa moja kuelekea kwa Rabson. Yusta alimwona mumewe akiinua bunduki mapema mno. Alimwona anaweka jicho kwenye darubini na kulifumba lile la pili.

Kile alichokiona Rabson kwenye darubini alikisimulia baadaye mara nyingi, polisi, mahakamani, kwa padre, kwa yeyote aliyemsikiliza. Alimwona nguruwe. Alimwona mkubwa, karibu, manyoya ya shingo yamesimama na matope yamekauka kwenye pua. Alimwona vizuri kuliko alivyowahi kuona kitu chochote maishani mwake. Kioo chote kilijaa nguruwe, na pembeni ya nguruwe dunia haikuwepo.

Alipiga. Na hakukosa, hilo ndilo linalokata maini. Risasi iliingia kifuani sawasawa kama ilivyolengwa. Risasi ya gobore ingeishia humohumo kwenye nyama. Ile ilikuwa bunduki ya nguvu, ikampita nguruwe, ikaendelea na safari yake.

Madebe hayakunyamaza mara moja. Waliokuwa mbali waliendelea kugonga, na katikati ya kelele zile Rabson alikuwa anaruka juu kule kwa furaha, ameinua mkono, anaita, "Baba! Baba, nimempata!" Kalinga alikuwa amekaa chini kwenye majani, kama mtu aliyechoka kupanda. Yusta alimfikia wa kwanza. Damu ilikuwa inatoka chini ya mbavu na Yusta aligandamiza mkono pale, akapaziba kwa kanga, akamwita. Mzee alikuwa na akili zake timamu. Alimtazama binti yake, halafu akatazama juu kule Rabson alikokuwa anashuka mbio na bunduki mkononi, hajajua bado.

"Mwambie asikimbie nayo," alisema. "Aitoe risasi kwanza. Ataanguka aumie."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Aliyasema kwa sauti ya uwanjani, na Yusta akasimama akayapeleka. Alipiga kelele kwa mumewe atoe risasi, aweke bunduki chini, na Rabson alitii, akaiweka, na hapo ndipo alipoona kanga. Waliokuwepo wanasema sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu.

Mazishi yalikuwa makubwa. Vijana aliowafundisha walikuja kutoka Igowole, Iringa mjini na kwingineko, wanaume wenye ndevu sasa, wakampigia saluti mwalimu wao wakiwa wanalia waziwazi. Rabson hakuwepo, alikuwa mahabusu. Sosthenes, baba mdogo wa Yusta, alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema ndoa hiyo imekwisha, damu imeimaliza, na wengi walimuunga mkono. Mama Veneranda akawakatiza. Mjane wa siku chache, sauti imemkauka, akasema mume wake alikufa akihofia yule kijana asiumie, na yeye hatamtupa mtu ambaye mumewe hakumtupa. Alipanda basi mpaka mahakamani Iringa, akasimama mbele ya hakimu, akasema hivyohivyo. Hakimu alimtia Rabson hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa kifungo cha nje. Bunduki ilichukuliwa na serikali. Rabson alipiga magoti nje ya mahakama kwenye vumbi, akakumbatia miguu ya mama mkwe, na mama akamnyanyua.

Na Yusta alimsamehe. Alimsamehe kweli, wala si kwa midomo. Alimjua mumewe ndani nje, alijua hakuna hata punje ya ubaya iliyoingia kwenye bunduki ile. Kama kuna wa kulaumiwa, alijilaumu yeye, aliyelia machozi mpaka akapewa alichokitaka. Kifungo kilipokwisha walirudi Ilomba, wakafungua duka tena. Kanisani watu walimshika mkono wakamwita shujaa wa msamaha. Alitikisa kichwa, akashukuru.

Lakini mwili haukupokea ile taarifa. Mwanzoni hata yeye hakugundua. Aliona tu kwamba akiwa jikoni Rabson akaingia, anageuka. Akifagia, anafagia kinyumenyume ili mlango uwe mbele yake. Aliacha kukaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, akawa anaegemea ukuta. Kitandani alilala upande wa ukutani, uso kwa mumewe, na Rabson, masikini, alifurahi. Alidhani mkewe anataka kumtazama. Alianza hata kuimba tena asubuhi.

Mpaka siku alipokuja nyuma yake taratibu, kama zamani, amfunike macho kwa viganja kwa utani. Yusta alikuwa anaosha vyombo nje, bombani. Aliposikia pumzi shingoni alijitupa chini kwenye tope, mikono juu ya kichwa, sufuria likabingirika mpaka kwa jirani. Alibaki palepale chini, hakuinuka. Rabson alibaki ameinua viganja vyake vitupu hewani. Alivitazama. Kisha akaelewa yote kwa pamoja, ukuta, kitanda, ufagio.

Hakumgusa. Alichuchumaa mbali kidogo, akamwuliza kama bado hajamsamehe.

"Nimekusamehe, Rabson," Yusta alisema. "Kweli kabisa, siku nyingi. Kinachonishinda ni kukupa mgongo."

Walijaribu. Walikwenda kwa padre, walikwenda hospitali, daktari alikuwa mpole na alisema inachukua muda. Walikaa na ule muda. Yusta alizidi kukonda, akawa hawezi kuteka maji wala kusuka nywele wala kupiga magoti kuomba kama mumewe yuko nyumbani, na Rabson akawa anashinda nje mpaka giza ili mkewe apumue. Siku moja, wakinywa chai, Rabson mwenyewe ndiye aliyesema Mama Veneranda amebaki peke yake na shamba, labda ni vizuri mtu akae naye. Hakusema kwa muda gani. Yusta naye hakuuliza. Walilia wote wawili, chai ikapoa.

Asubuhi ya safari Rabson alibeba begi. Yusta alipofunga mlango, alisita, maana njia ya kwenda barabarani ni nyembamba, na watu hawapiti ila mmoja nyuma ya mwingine.

"Nitatangulia mimi," Rabson alisema.

Akatangulia. Alitembea mbele yake njia yote na begi begani, na hakugeuka hata mara moja, wala watu walipomsalimia, wala alipojikwaa kwenye jiwe. Alipofika kituoni alimkabidhi kondakta begi, akamwonyesha kwa kichwa abiria mwenyewe, kisha akasogea akasimama ameelekea ukuta wa duka, mikono ameiweka mahali inapoonekana. Yusta alipanda, akakaa dirishani. Alitaka kumwita. Sauti alikuwa nayo, jina alikuwa nalo mdomoni, ila alijua akiitwa atageuka.

Basi likaondoka. Yusta aliutazama ule mgongo mpaka basi lilipokata kona. Ulikuwa mgongo wa mtu mwema, na alimpenda.